Barua Mfukoni mwa Dereva

Mjukuu wangu alikuwa amenisomea maoni ya watazamaji zaidi ya thelathini kabla hajafika kwenye lile lililonizuia kumaliza chai.

Tulikuwa upande wa jikoni, asubuhi, yeye akimenya ndizi na simu ameiegemeza kwenye kikapu. Amemaliza kidato cha nne na anasubiri matokeo. Kwa sasa kazi yake ni kunipikia na kunitania. Siku chache kabla nilikuwa nimemsimulia filamu moja ya miaka ya themanini, ya mji wa bandari ambako mvua haikatiki, wezi wa maghala, na askari asiyenyoa ndevu ambaye hana tofauti kubwa na wezi anaowafukuza. Sikumwambia kwa nini naikumbuka. Aliandika maneno manne matano kwenye simu na filamu ikatokea, nzima, picha safi kuliko nilivyopata kuiona. Chini yake watu wa nchi mbalimbali walikuwa wameandika walivyoiona.

Akawa anafuta utomvu wa ndizi kwenye gunia, anasogeza kidole, anasoma, ananitafsiria. Mmoja alisema filamu za siku hizi ni safi mno, watu wanapigwa risasi na mashati yao yamepigwa pasi. Mwingine aliona askari yule ndiye mbaya kuliko wote, na mwenzake akamjibu kwamba hajui maisha. Mwanamke mmoja aliandika kuwa marehemu baba yake aliitazama kila mwaka, na kila mwaka alitoka nje pale dereva anapouawa, akarudi wakati wa barua. Wengi walimtaja dereva. Walisema kifo kile hawajakisamehe hadi leo.

Kisha mjukuu akacheka. "Babu, huku kuna Mswahili."

Akasoma polepole: "Niliiona hii nikiwa mtoto, Karagwe, kwenye banda la video, kwa mtafsiri. Kwetu dereva alikuwa msaliti na tulipiga makofi alipouawa. Leo nimeiona kwa lugha yake, kumbe hakumsaliti mtu. Naomba kuuliza, yule mtafsiri bado yu hai?"

Aliniangalia. Anajua niliwahi kufanya kazi hiyo. Ni kichekesho cha familia, hadithi ya babu aliyekuwa akiwasemea Wazungu. Akaniuliza kama si mimi huyo. Nikamwambia watafsiri tulikuwa wengi. Haikuwa kweli. Ukanda wetu wote nilikuwa peke yangu.

Nikaweka kikombe chini, nikaenda kuangalia mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote.

Ilikuwa miaka ile kabla wakimbizi wa Rwanda hawajafika, Kyerwa ikiwa bado sehemu ya Karagwe. Nilikuwa nimerudi kutoka sekondari na kidato cha nne cha alama za chini, mikono laini, na Kiingereza cha kutosha kunifanya nijione. Mfanyabiashara mmoja wa mjini, Mwislamu ambaye babu zake walitoka pwani, alijenga banda la video kwenye senta yetu, upande wa Ndama. Lilikuwa la miti na turubai, mabenchi ya mbao za mti wa muhunga, madirisha yamezibwa kwa magunia ili mwanga usiingie. Ndani kulikuwa na televisheni moja na deki. Jenereta ilinguruma nyuma, kwenye migomba. Tulionyesha siku za gulio na Jumapili baada ya ibada, mchana. Mimi nilikaa kwenye stuli kando ya televisheni. Sikuwa na kipaza sauti. Nilikuwa na koo.

Watu wanadhani mtafsiri hutafsiri. Kizungu kilipita haraka, nami nilishika neno moja katika matano. Yaliyobaki niliyajaza mwenyewe, na nilivyojaza ndivyo banda lilivyofurika. Siri yangu ilikuwa ndogo tu: kila mtu wa kwenye filamu nilimpa sauti ya mtu wa kwetu. Tajiri aliongea kama mwenye duka la chumvi. Askari alifoka kama mgambo wetu, na bibi wa Kizungu alilalamika kwa mchanganyiko wa Kinyambo na Kiswahili kama bibi fulani aliyeuza rubisi, pombe yetu ya ndizi, karibu na kisima. Watu walianguka kwenye mabenchi kwa kicheko. Mwenye banda aliniambia hawa hawaji kusikia Kizungu, wanakuja kukusikia wewe, ongeza chumvi.

Filamu ikiisha hakuna aliyeondoka. Nje ya banda kulikuwa na magogo mawili marefu, na hapo ndipo watazamaji walipotoa maoni. Waliihukumu filamu kama kesi ya mpaka wa kibanja, shamba la nyumbani: nani alianza, nani alikosea, yule mwanamke angefanya nini. Kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kilizunguka kutoka mkono hadi mkono. Kwa asiyetujua, hizi ni buni zilizochemshwa na majani ya kunukia kisha zikakaushwa. Mgeni akija nyumbani hupewa kabla ya chakula, na walipo watu wengi kikapu hupita kwa kila mmoja. Mtoto anaweza kurukwa, na mlevi. Mtu mzima harukwi.

Jirani yangu alikaa benchi la tatu, karibu na nguzo. Alinizidi miaka kama kumi. Hakuvuka darasa la nne, lakini alikuwa amepika kwa mapadri wa Kizungu miaka mingi na alirudi nyumbani na Kiingereza chote cha jikoni na cha mezani, alichokiokota kwa masikio. Alikuwa mtu wa taratibu. Kila alipotaka kusema jambo analolijua barabara, alianza kwa kuweka mkono kifuani na kusema, "Mimi sijui, lakini..." Ukisikia hivyo ujue umekwisha.

Jumapili moja kwenye filamu nyingine, mwanamke alikuwa anamwambia mwanamume kitu huku akilia. Nikawaambia watu kwamba mama huyu anasema hawezi kuishi bila huyu bwana. Jirani yangu akasema kutoka kwenye nguzo, bila ubaya wowote, "Mimi sijui, lakini huyo mama hajasema hivyo. Amesema mkate umeungua."

Banda lilicheka hadi jenereta haikusikika. Toka siku ile jina langu likawa Mkate. Watoto waliniita njiani. Wanawake waliokuwa wanachuma kahawa walinusa hewa nikipita na kuulizana kama kuna kitu kinaungua. Nilicheka nao. Lakini nilikuwa msomi peke yangu kwenye kitongoji, na mpishi alikuwa amenivua nguo mbele za watu. Kila nilipoketi kwenye stuli nilisikiliza nguzo ile kuliko nilivyosikiliza filamu.

Mwaka huohuo kahawa yetu ilikamatwa. Wakati ule ilipaswa kuuzwa sehemu moja tu, kwenye chama cha ushirika, na ng'ambo ya mto, Uganda, bei ilikuwa nzuri zaidi. Kila mtu alivusha, hata waliokuwa wakihubiri dhidi yake. Mavuno yale kaya nyingi za kitongoji chetu zilikusanya magunia pamoja, na yalikamatwa yote karibu na kivuko. Wanaume wawili waliokuwa wanasindikiza walifungwa. Mmoja alirudi baada ya muda mrefu hawezi kunyoosha goti.

Hakuna aliyejua walikamatwaje. Nadhani leo kwamba hakukuwa na siri yoyote. Njia ile ilijulikana na baiskeli zilikuwa nyingi. Lakini watu wakipoteza kahawa ya mwaka hawataki kusikia habari za njia. Wanataka mtu. Wiki zile salamu zilikuwa fupi na kila mmoja alimwangalia mwenzake mikononi.

Ndipo kaseti ya ile filamu ikaja.

Niseme kwanza filamu inavyokwenda, kwa haki, kwa sababu siku ile sikuisema kwa haki. Kuna genge linaiba kwenye maghala ya bandari. Siku moja wanavamiwa, wawili wanakamatwa. Mkuu wa genge anaamini kuna aliyewauza. Anamshuku dereva wao, mzee kuliko wote, mkimya, ambaye siku hizo ameanza kuwakwepa. Wanampeleka kwenye ghala la samaki, kwenye barafu, na wanamuua. Halafu mkuu anapekua koti la marehemu na kukuta barua. Kamera inaisogelea mpaka maandishi yanajaa kioo, na sauti ya dereva inasikika ikiisoma. Dereva alikuwa anamwandikia binti yake kwamba ameacha wizi na anarudi nyumbani. Hakuna habari ya polisi. Mkuu anainua macho, na mbele yake amesimama mdogo wake wa tumbo moja, anashindwa kumwangalia usoni. Filamu inaishia hapo, na mvua.

Niliitazama mara mbili na mwenye banda kabla ya Jumapili. Kusikia Kiingereza kulinishinda, lakini kusoma nilijua. Barua ile niliisoma yote. Ninaliandika hili waziwazi kwa sababu kwa miaka mingi nilijipa nafuu ya kusema sikuelewa. Nilielewa.

Jumapili ile banda lilijaa hadi watu wakasimama. Jirani yangu alikuwa benchi la tatu. Dereva alipotokea mara ya kwanza, akiwa kwenye usukani na kofia yake, niliweka mkono kifuani nikasema kwa sauti ya jirani, "Mimi sijui, lakini leo mzigo huu hautafika."

Walicheka. Niligeuka kidogo na kumwona naye anacheka, anatikisa kichwa, kama mtu aliyekubali kwamba sasa tumelipana. Ningeishia hapo ingekuwa ni mkate kwa mkate.

Lakini kicheko kilikatika ghafla kuliko kawaida. Nilihisi kitu kimeingia ndani ya banda, na kilikuwa kinanisikiliza mimi. Polisi walipovamia ghala, watu hawakunong'ona. Dereva kila alipofungua mdomo nilimpa sauti ileile, na kila mara ukimya ulizidi, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahia ukimya ule kuliko kicheko chochote nilichowahi kupata. Walipomfikisha kwenye barafu mtu mmoja wa nyuma alisema, taratibu, "Mpige." Alipoanguka walipiga makofi.

Kisha ikaja barua. Maandishi yalijaa kioo. Nilikuwa na nafasi yangu hapo. Muda wa kuvuta pumzi mara tatu hivi. Nikasema, "Hii ni barua ya polisi. Wanamshukuru kwa kazi nzuri."

Sikugeuka kuangalia nguzo.

Nje, kwenye magogo, maoni yalichelewa kuanza. Yule aliyekuwa na kaka gerezani ndiye aliyesema kwanza kwamba filamu ni ya kweli, watu wa namna ile hata huku wapo. Mwenzake akajibu kuwa wapo, tena wanatafuna kahawa yetu. Hakuna aliyetaja jina. Kikapu kilianza kuzunguka upande wa kushoto.

Jirani yangu alikuwa amekaa kati ya mzee mmoja na mimi. Aliweka mkono kifuani. Nadhani alitaka kuwaambia kilichokuwa kwenye barua, maana yeye alisikia filamu nzima, maneno yote. "Mimi sijui," akasema, "lakini..."

"Tunajua hujui," mtu akamkatiza.

Hakuna aliyecheka. Aliufunga mdomo. Yule mzee alipofikiwa na kikapu alichukua punje zake, kisha akanyoosha mkono juu ya magoti ya jirani yangu na kunipa mimi. Nilikipokea. Nilichukua punje mbili, nikatafuna, nikakisogeza mbele.

Filamu ile iliombwa tena, na tena. Niliitafsiri Jumapili nne zaidi, kwa sauti ileile, na barua ileile ya polisi. Ya kwanza naweza kuiita hasira. Hizo nne sijazipatia jina. Jirani hakuja tena bandani, wala hakuhitajika. Alikuwa kwenye kioo.

Hakuna aliyemgusa. Kwetu hatufanyi hivyo. Mkewe alikuta kisimani wenzake wamekwisha ondoka. Ng'ombe wake aliingia shamba la mtu na akarudishwa bila neno, bila hata lawama, na hilo lilimtisha kuliko matusi. Halafu mama yake akafariki. Kwenye msiba kitongoji kizima huacha majembe ya shambani na kushika ya kaburi. Hata mnayegombania naye mpaka wa shamba hushuka kwenye shimo zamu yake ikifika. Siku ile alichimba yeye na shemeji yake aliyetoka mbali, wakipokezana, na katekista akisubiri kwa kitabu chake. Nilipita njia ya juu ya kibanja chake nikiwa na sababu ya uongo ya kwenda mahali. Nilisikia jembe. Lilipiga, likanyamaza muda mrefu wa mtu mmoja kupumzika, likapiga. Nilisimama nyuma ya migomba hadi jembe liliponyamaza moja kwa moja, kisha nikarudi nyumbani nikala.

Hazikupita mvua mbili akauza kibanja, chenye makaburi ya wazazi wake ndani, na kuhamia Nyakatuntu. Kuuza makaburi ni aibu isiyosemwa, na watu walisema kumbe kweli, mtu asiye na kosa hawezi kuacha mama yake kwenye migomba ya wengine. Kaburi lile bado lipo. Mwenye shamba wa sasa ameotesha ndizi hadi ukingoni.

Mimi niliacha kutafsiri banda lilipofungwa. Nikaoa, nikalima, nikaimba kwaya, nikawa mzee wa usharika. Sauti ya jirani haikuondoka kooni. Niliposimama kusema kwenye kikao, mkono ulitaka kwenda kifuani na ilibidi niushike kwa mwenzake. Mara nyingine nikiwa peke yangu kwenye migomba, hasa baada ya mvua, nasikia mtu ananianzia sentensi. Siamini mizimu. Nasikia "Mimi sijui, lakini" na nasubiri iliyobaki, nami nimesimama na panga mkononi, na haiji. Nilisikia kwamba amefariki. Sikwenda kumzika. Nilikuwa nimekwisha zoea kutokwenda.

Hivyo mtu nisiyemfahamu kwenye simu ya mjukuu aliuliza kama mtafsiri yu hai, na mbuzi hawakunisaidia.

Nilikaa na swali lile wiki mbili. Kisha nikapanda bodaboda hadi Nyakatuntu. Kijana aliyeniendesha aliongea mpira njia nzima na nilimshukuru moyoni.

Mjane wa jirani yangu alikuwa uani anaanika kahawa, anazisambaza kwenye mkeka kwa kiganja. Amezeeka vizuri, mgongo umenyooka. Alinitambua kabla sijavua kofia. Tukasalimiana kwa kirefu, watoto, mvua, miguu, akaniletea kiti. Hakuleta kahawa. Nikamwambia, "Shemeji, nimekuja na jambo la zamani."

"La zamani gani tena. Sema."

Nikamweleza yote, jinsi nilivyoyaandika hapa. Mkate, sauti, barua, kikapu. Aliendelea kusambaza kahawa, akitoa zilizooza na kuzitupa kwa kuku, ambao walizikataa. Nilipomaliza alifuta mikono.

"Mimi nilijua siku ileile," akasema. "Alirudi nyumbani akatusimulia filamu yote, sawasawa. Barua ile aliijua kwa moyo. Watoto wangu waliijua kabla ya kujua sala ya jioni. Alisema kijana ameisoma vibaya, Kiingereza chake bado."

"Alidhani sikuelewa?"

"Mpaka anakufa. Nilimwambia kwamba wewe ulielewa, akanikatalia. Akasema mimi sijui, lakini yule kijana si mtu mbaya."

Nilishindwa kuinua macho kutoka kwenye mkeka. Nilikuwa nimekuja na kosa langu nikidhani nalijua uzito. Nikamwomba msamaha kwa maneno niliyokuwa nimeyaandaa njiani tangu Nyakahanga, na yalitoka kama hotuba.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Uliwaambia banda zima, shemeji," akasema. "Mimi mmoja nitaufanyia nini ukweli wako? Mimi ninao. Wape wasio nao."

Akarudi kwenye kahawa yake, na nikajua ziara imekwisha.

Pale senta siku hizi kuna banda jingine, la matofali, la kuonyeshea mpira. Mwenye banda ni kijana mwenye heshima. Nilipomwambia nataka kuonyesha filamu ya zamani siku ya gulio mchana na kuitafsiri kwa mdomo, alidhani natania, kisha akadhani naumwa, kisha akasema, "Haya mzee, mradi ligi haichezwi." Mjukuu ndiye aliyeunganisha simu na kioo. Siku hiyo kabla ya kwenda nilimwomba arudi kwenye yale maoni na kumjibu yule aliyeuliza.

"Nimjibu nini?"

"Yu hai."

Aliandika hayo tu. Hakunitania siku nzima.

Walikuja wachache wa enzi zile, tisa au kumi, waliobaki. Yule aliyerudi gerezani na goti lisilonyooka alikuja na fimbo yake. Yule mzee wa kikapu alikwisha fariki. Vijana walikuja kwa sababu ilikuwa bure. Mjane alifika na bodaboda, amevaa kitenge cha kanisani, amebeba kitu kilichofungwa kwenye nguo. Akakaa karibu na mlango.

Kabla ya kuanza nilisimama. Nikawaambia kwamba filamu hii niliwahi kuwasemea hapa, na niliwasemea uongo, kwa makusudi, kwa hasira yangu na mtu mmoja, na mtu huyo wanamjua. Vijana walitazamana. Wazee hawakutazamana. Nikakaa.

Koo langu halina nguvu tena. Niliwatafsiria taratibu, na pale nisiposikia nilisema sikusikia, na mjukuu alinipa neno. Sikumpa mtu yeyote sauti ya mtu. Dereva alipotokea na kofia yake nilimwacha aongee mwenyewe na nikasema alichosema, kwa sauti yangu hii ya kizee. Walipomfikisha kwenye barafu hakuna aliyesema mpige. Mtu mmoja alikohoa.

Barua ikajaza kioo. Nikamwambia mjukuu aisimamishe, kitu ambacho zamani kisingewezekana, nikavaa miwani na kuisoma.

"Binti yangu, mvua haijakatika tangu uondoke. Ile kazi nimeiacha. Jumamosi nitapanda basi. Usimwambie mama yako, nataka nimkute anapika."

Nilisikia mjane anaisema pamoja nami, chinichini, akinitangulia neno moja.

Ilipoisha tulitoka nje. Magogo hayapo siku hizi, kuna viti vya plastiki, lakini watu walikaa kwa mzunguko uleule bila kupangwa. Kijana mmoja alisema filamu inajivuta sana, dakika ishirini hakuna aliyepigana. Mwingine alimtetea yule mdogo wa mkuu wa genge, akasema pengine polisi walimtishia. Mzee mmoja akasema kwa unyofu kabisa kwamba ile ya kwanza ilikuwa tamu zaidi, na watu wakacheka kidogo kwa sababu ilikuwa kweli.

Kisha yule mwenye goti akagonga fimbo chini. "Sisi tulijua," akasema. Hakunitazama. "Mimi niliyefungwa nilijua si yeye. Hakujua hata tumeondoka siku gani. Lakini nilirudi nikakuta tayari mna mtu, na sikuwa na nguvu za kutafuta mwingine."

Katika maoni yote niliyosikia nje ya banda, na yale ya kwenye simu, sijasikia mengine yaliyosema zaidi.

Mjane alisimama. Alifungua ile nguo, ndani yake mlikuwa na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, na akaanza kuzunguka, yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Aliwapa vijana, ambao hawakujua wachukue ngapi. Aliwapa wazee. Kwa yule mwenye goti alisimama kidogo, akamwongezea punje moja. Mimi nilikuwa wa mwisho na nilikuwa nimekwisha nyoosha mkono.

"Wewe subiri kwanza," akaniambia.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama unavyomwambia mtu kuwa sufuria bado iko motoni. Akakifunga kikapu kwenye nguo, bado kina kahawa ndani, niliziona, akaaga na kupanda bodaboda yake kurudi Nyakatuntu.

Mjukuu alisogea, akafungua kiganja na kunionyesha punje zake mbili. Alitaka kunipa moja. Nikamwambia azitafune zote mwenyewe. Mimi nimeambiwa nisubiri.